Kipande Kilichobaki Katika Nta

Uvimbe uliomuua mdogo wangu haujaoza. Kipande chake kiko Nairobi, kwenye kabati la maabara ya hospitali, kimegandishwa ndani ya nta, na ukubwa wake hauzidi punje ya hindi. Yeye mwenyewe tulimzika kwetu magharibi, miaka ya tisini. Ninakihitaji kipande hicho kwa sababu ya binti yangu, ambaye sasa amefika umri aliougulia mdogo wangu.

Wa kwanza kugundua hakuwa daktari. Tulikuwa tumepanga Kitengela kwa mzee wa Kimaasai aliyefuga mbuzi nyuma ya ploti, na sisi watoto tulimwamkia kwa desturi yake: unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja. Jumamosi moja mdogo wangu aliinamisha kichwa akayumba. Mzee hakuondoa mkono. Alimpapasa kuanzia utosini hadi kisogoni, akibonyeza taratibu kwa vidole viwili.

"Mama, tangu lini huyu anaweka kichwa upande?"

Mama alikuwa akianika nguo. Alijibu kwamba ni malaria. Mtoto alikuwa akitapika kila asubuhi, na tayari tulikuwa tumepewa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha ya taifodi.

"Hii ni ormilo," mzee akasema.

Kwa Kimaasai hilo ndilo jina la ugonjwa wa mbuzi na kondoo wanaozunguka upande mmoja mpaka waanguke. Ndani ya ubongo huwa kuna kifuko cha maji, kinachotokana na minyoo ya mbwa. Mfugaji hupapasa fuvu hadi apate mahali palipolainika, akapasua, akakivuta kifuko. Mbuzi wengine hupona.

"Mzee, mtoto wangu si mbuzi."

"Mbuzi iko na kichwa, mtoto iko na kichwa. Mfupa yake bado ni ngumu, lakini iko ndani. Ingekuwa mbuzi ningetoa mwenyewe. Huyu peleka hospitali."

Mdogo wangu alifurahi sana kufananishwa na mbuzi. Alizunguka ua akilia kama mbuzi, nasi tukacheka mpaka akaanguka.

"Sijaanguka," alisema. "Nimekaa."

Hospitali ya Kajiado ilitutuma Nairobi. Baada ya picha ya kichwa, daktari alimwambia mama kwamba kuna maji mengi ndani ya ubongo. Nilikuwa kando ya mama, nikaona mabega yake yakilegea. "Ni maji," aliniambia. "Mzee alisema." Lakini daktari hakuwa amemaliza. Maji yalijaa kwa sababu kitu kilikuwa kimeziba njia yake, pale nyuma ya ubongo panapotunza usawa wa mwili, na kitu hicho hakikuwa kifuko. Mama alisikia yote. Nyumbani alisimulia maji peke yake.

Walimwekea mpira wa kupitisha maji hadi tumboni, na kutapika kukakoma. Mzee alichinja beberu, mdogo wangu akapewa figo. Kwa wiki chache ploti nzima iliamini amepona. Kisha wakampasua tena, wakatoa walichoweza, na kipande kikapelekwa maabara. Baada ya hapo hakuzungumza tena. Shule zilipofunguliwa hakuwepo.

Mwaka huu nilimtafuta daktari wa maabara hiyo, nikitaka kujua uvimbe ule ulikuwa nini hasa.

"Seli haijiamulii kukua," alinieleza. "Inangoja ujumbe kutoka nje. Ujumbe unafika mlangoni, protini moja inaipasha nyingine habari mpaka kwenye kiini. Katika baadhi ya uvimbe wa aina hii, protini inayozuia mlangoni imeharibika. Seli inasikia 'kua, kua', na hakuna aliyeituma. Ng'ambo wanajaribu dawa za kuifunga njia hiyo."

"Na wa mdogo wangu?"

"Hatujui. Tuliutazama kwa darubini tu." Kisha akaniuliza kama niko na watoto.

Mara nyingi, alisema, kasoro hiyo iko ndani ya uvimbe peke yake. Mara chache mtoto huzaliwa nayo, na inaweza kuwa ndani ya ukoo. Kipande kikipimwa ng'ambo na kasoro ionekane, tutajua cha kutafuta katika damu yetu. Ila ni kidogo, huenda kipimo kikakimaliza. Na ruhusa lazima itoke kwa mzazi wake.

Mama hakuwa akijua kwamba kuna kitu kilichobaki.

"Miaka yote hii mmemwacha kwenye kabati?"

"Si yeye, mama. Ni kipande tu."

"Ni yeye. Mleteni nimzike pale ulipo mwili wake, basi."

Nilimweleza habari za mjukuu wake. Aliendelea kuchambua maharagwe, fomu ya ruhusa ikiwa kando yake.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kitengela, na binti yangu alimwamkia yule mzee, sasa kikongwe. Kiganja kilikaa juu ya kichwa chake muda mrefu kuliko kilivyokaa kwa watoto wenzake.

"Mfupa ni ngumu," mzee aliniambia, kunituliza.

Hata wa mdogo wangu ulikuwa mgumu. Mama hajatia sahihi.