Baba Mkwe wa Kiti cha Nyuma

Gari la baba lilinuka plastiki iliyopikwa na jua la Texas, ikichanganyika na chai ya tangawizi aliyoimwaga wiki ile ile aliyolinunua, ambayo haikukubali kutoka kwenye kapeti maisha yake yote. Ukifungua mlango saa tisa alasiri mbele ya shule yetu ya Dallas, joto lilikupokea kama mtu aliyekungoja kwa hasira. Baada ya harufu ilikuja sauti. Redio ilikuwa ya masafa ya kati, inakoroma kila tulipopita chini ya daraja la treni, na ndani yake aliishi mchambuzi wa siasa za kihafidhina, mwanamume wa sauti nzito, ya mtu aliyeshiba, ambaye kila siku saa hiyo aliieleza Marekani ilipoharibikia. Baba hakutaka kujua jina lake. Alimwita Bwana Sheria, kwa sababu mazungumzo yake yote, yaanzie kwenye kodi, shule au sala, yaliishia mahali pamoja: sheria ni ya wote, na mwenye kosa awajibike, hata awe mkubwa kiasi gani. Baba alikuwa ametoka Kenya, alikofundisha historia, akaja kupanga masanduku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Hakuwa na kura hata moja katika nchi hii. Lakini alimsikiliza Bwana Sheria akitikisa kichwa kwa ridhaa, na mara nyingine akamjibu, kana kwamba wako wawili tu garini.

Ukweli ni kwamba tulikuwa wanne: baba, Bwana Sheria, dada yangu Wakesho na mimi. Viti vya mbele ni viwili, na cha usukani kilikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo msimu wote ninaousimulia, vuli ile ambayo mwanasiasa mmoja mkubwa alikuwa akihojiwa na redio haikuwa na habari nyingine, mimi na Wakesho tuligombania kiti kimoja. Sasa hivi watoto wangu wananiuliza kwa nini mtu agombee kukaa karibu na mzazi wake. Siwajibu. Kutoka kiti cha mbele ungeweza kumwona baba akikunja uso Bwana Sheria anaposema jambo zito, na ukibahatika angekugeukia aseme, “Umesikia hiyo?” Kutoka kiti cha nyuma ulichoona ni shingo yake.

Katika ugomvi huo nilikuwa nimeshindwa kabla sijajua kutembea, na kilichoniangusha ni jina. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee wa ukoo, na jina halikai bure. Linakuja na cheo chake. Wakesho alipewa jina la mama mzazi wa baba. Basi baba alimwita “Mama”, na yeye, toka alipojua kusema, alimwita baba “mwanangu”, akamkaripia kwa kuvaa soksi zilizotoboka. Baba alicheka mpaka machozi. Mimi nilizaliwa mwezi ule ule mama yangu alipofiwa na baba yake, nikapewa jina la marehemu. Kwa hiyo kwa baba yangu mzazi mimi ni baba mkwe. Wanaojua mila hizi wanaelewa msiba wangu. Baba mkwe habishiwi. Baba mkwe hataniwi ovyo, hakemewi, na ukimkuta njiani unampisha. Baba alinitunzia heshima hiyo kwa ukarimu wa kuudhi. Nilipokosea hesabu alisema, “Baba mkwe, labda utazame tena.” Wakesho alipokosea hesabu walipigana kwa maneno saa nzima, mkate ukikauka mezani. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi ninayeonewa wivu na watoto wote wa majirani kwa kuwa na baba asiyefoka, na usiku nilimwomba Mungu amfanye baba anifokee.

Sasa nije kwenye mahakama. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, baba aliyekolezwa na wiki nzima ya Bwana Sheria alifungua kikao katika nyumba yetu ya kupanga pale Vickery Meadow, ghorofa ya pili, dirisha likitazama pipa la taka na magari ya majirani. Hakimu alikuwa baba, nyundo yake ilikuwa mwiko wa ugali, na mashtaka yalikuwa yale ya kawaida: aliyeacha taa ikiwaka, aliyemjibu mama kwa Kiingereza, aliyemaliza maziwa akarudisha pakiti tupu kwenye friji. Yeyote angeweza kumshtaki yeyote, mradi amtazame usoni. Aliyejitetea au aliyeshtaki vizuri kuliko wenzake alipewa kiti cha mbele wiki nzima. Mama, nesi aliyerudi kutoka zamu ya usiku akiwa hajalala vya kutosha, hakuitambua mahakama hiyo. “Mkimaliza kufungana huko,” alisema kutoka jikoni, “mniletee mwiko wangu.”

Nilijiandaa kwa kikao hicho kama watu wanavyojiandaa kwa mtihani wa taifa. Nilimsikiliza Bwana Sheria kutoka kiti cha nyuma, nikayakariri maneno yake, na Jumamosi nikayamwaga mbele ya baba bila kuacha hata kikohozi. Niliunga mkono kila alichoamini. Nilipinga kodi, nikiwa sina shilingi wala senti. Wakesho, mdogo wangu kwa mwaka na kitu, hakukariri chochote. Yeye aliuliza. “Mwanangu, kwa nini huyo wa redio anakasirikia wezi wa upande ule tu? Wa upande wake wako wapi?” Baba akasimama, akazunguka meza, akapandisha sauti, akanyoosha mwiko, uso ukimng’aa kama mtu aliyeletewa zawadi. Halafu akanigeukia mimi niliyekubaliana naye kwa kila kitu. “Umesema vizuri, baba mkwe.” Na kiti cha mbele kikaenda kwa Wakesho.

Ijumaa moja tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi nyuma, yeye mbele. Bwana Sheria alikuwa kwenye kilele chake. Alisema kuna watu katika nchi hii wanaodhani sheria imeandikwa kwa ajili ya wengine, na sauti ilipanda, na baba alipanda nayo, kichwa kikitikisika, vidole vikipiga usukani. Mbele yetu basi la shule lilikuwa limesimama, taa nyekundu zinawaka, kile kibao cha pembeni kimefunguka, watoto wanashuka. Kila anayeendesha gari Texas anajua kwamba hapo unasimama, hata kama unakimbiza mgonjwa. Baba alilipita. Alilipita taratibu kabisa, kwa amani ya mtu aliye kanisani, na dereva wa basi akapiga honi ndefu ambayo ninaisikia hadi leo. Hakuna aliyeguswa. Hakukuwa na polisi. Baba alipunguza sauti ya redio, akaendesha mpaka nyumbani.

Kesho yake Wakesho alisimama mbele ya meza, akamtazama usoni. “Namshtaki mwanangu,” alisema. “Uli-pass basi la shule. Taa zilikuwa nyekundu. Niliona.”

Baba aliutazama mwiko mkononi mwake kama mtu aliyekuta kitu cha jirani mfukoni. Kisha akatoka kwenye kiti chake. “Hakimu hawezi kusikiliza kesi yake mwenyewe,” alisema. “Na mlalamikaji naye hawezi.” Akanikabidhi mwiko kwa mikono miwili, akiinama kidogo, kama inavyostahili. “Baba mkwe, kaa.”

Nikakaa. Miguu yangu haikufika chini. Mshtakiwa alisimama mbele yangu, mikono nyuma, na nikafikiri kwamba siku yangu imefika: mtu huyu nikimwokoa leo, kiti cha mbele ni changu hadi nioe. Nikatoa hukumu iliyomfaa Bwana Sheria siku anapotetea wa kwake. Nikasema mlalamikaji alikuwa amekaa kiti cha mbele, kwa hiyo alipaswa kumwonya dereva. Nikasema kuna gari jingine lililopita kabla yetu na halijashtakiwa, kwa nini sisi? Nikasema mshtakiwa ni baba wa familia, mtu wa kanisa, anafanya kazi kwenye ghala bila kuchelewa. Nikasema watu wanaomwandama wana nia zao. Nikapiga mwiko mezani. “Hana hatia.”

Nilimtazama baba nikingoja uso ung’ae. Haukung’aa. “Asante, baba mkwe,” alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. Akamgeukia Wakesho. “Mama, wewe unasemaje?”

“You did it.”

“Nilifanya,” alisema baba.

Akajihukumu mwenyewe: wiki nzima bila redio garini. Na kiti cha mbele, ambacho kwa utaratibu wa mahakama yetu kilikuwa halali yangu kwa kuwa nilimtetea mshtakiwa mpaka akashinda, alimpa mlalamikaji aliyeshindwa. Hakuna rufaa iliyosikilizwa. Nilikwenda shule wiki hiyo nikiwa nyuma, bila hata Bwana Sheria wa kunifariji, nikitazama shingo ya baba ikigeuka kila dakika upande wa dada yangu. Walibishana kuhusu basi lile Jumatatu hadi Ijumaa. Je, hakimu akimpenda mshtakiwa afanye nini? Je, kosa lisiloumiza mtu ni kosa? Je, askari asipokuona? Nilikuwa na majibu ya maswali hayo yote. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu ya heshima.

Miaka imepita, nami nimekuwa kile ambacho malezi hayo yangezaa. Nina shahada mbili, tumbo, na safu ya kila wiki ninayoandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wetu wa Texas, kwa mtazamo wa kihafidhina. Sioni haya. Naamini bado kwamba familia inatangulia serikali, kwamba mgeni aliyepokelewa aheshimu sheria za mwenyeji, na kwamba mahakama zikianza kuchagua nani wa kumwinda, hatuna nchi tena. Wakesho yuko Sugar Land, ni wakili wa utetezi Houston, na anapigia kura upande ule mwingine bila kukosa. Baba, mgane sasa tangu mama afariki, anaishi nami DeSoto. Ninampeleka kanisani, kwa daktari, kwa kinyozi. Naye kila jioni, nikiwa naosha vyombo alivyolia, humpigia simu dada yangu wagombane. Makala zangu anazisoma zote, miwani ikiwa puani, na kila mara ananiambia jambo moja. “Imekaa vizuri, baba mkwe.”

Vuli hii iliyopita mwanasiasa mmoja wa upande wetu alifikishwa mahakamani. Niliandika makala ndefu kumtetea. Nilisema waendesha mashtaka wana nia zao, na kwamba kuna wengine waliofanya yale yale na hawajaguswa. Baba akasema imekaa vizuri. Kisha akachukua simu, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikasikia wakiichambua makala yangu, aya kwa aya, wakipandishiana sauti, wakicheka, mpaka chai yake ikapoa. Makala yangu! Nilisimama kwenye sinki na sponji mkononi, mtu mzima wa miaka karibu hamsini, nikimwonea dada yangu wivu kwa kupewa nafasi ya kunipinga.

Siku ya Shukrani tuliondoka kwenda kwa Wakesho kwa barabara ya 45, mimi kwenye usukani, baba pembeni yangu, mke wangu na watoto nyuma. Gari langu halinuki kitu. Halina masafa ya kati. Nyuma kila mmoja alikuwa ameziba masikio yake kwa spika za masikioni, na kila mmoja ndani ya masikio yake alikuwa na bwana sheria wake, wa upande wake, asiyekatizwa na daraja wala na dada. Wakati wetu tulikuwa na sauti moja ya kugombania, nasi tuligombana, na sijui kama hiyo haikuwa aina ya utajiri. Nilikuwa nimekipata kile kiti, kwa namna ya kinyume: baba alikuwa ubavuni kwangu kwa saa nne zijazo. Hatujafika Corsicana akatoa simu. “Mama, umeamkaje? Sasa lile jambo la jana, hukunijibu.”

Niliendesha. Niliyapisha malori. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, “Baba, ulikuwa na hatia.”

Akaondoa simu sikioni. “Nani?”

“Wewe. Lile basi la shule. Ulilipita. Na yule mheshimiwa wetu naye, mashtaka mengine ni siasa tupu, lakini lile la mwisho alilifanya. Nilijua nilipokuwa naandika.”

Nilidhani atanishukuru. Badala yake aligeuka kitini, mkanda ukambana, akanikunjia uso ambao nilikuwa nimeuona kwa pembeni tu, maisha yangu yote, ukielekezwa kwa mtu mwingine.

“Alilifanya? Ushahidi uko wapi? Umeusoma wewe? Na yule shahidi wao mwongo?”

“Mwongo kwenye lipi, baba? Taja.”

“Usiniambie taja! Unaandika hivi, unasema vile. Huo ni upuuzi, kijana!”

Kijana. Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ndogo ya dada yangu ikiuliza kuna nini huko. “Nitakupigia baadaye, Mama,” alisema baba bila hata kuitazama simu. “Hapa pana kesi.” Akaizima, akaitia mfukoni, akanyoosha kidole hewani kama mwiko. Nikapunguza mwendo, nikahamia njia ya polepole ya malori.