Vyerehani Viwili vya Mama Mdogo

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata popote, nawaona mabwana wa Kiingereza wamepanda farasi. Msinicheke. Utotoni mwangu Guangzhou, kule China, vitu hivyo viwili vilikaa chumba kimoja.

Tuliishi Kangle, mtaa wa karakana za nguo, mimi, mama yangu na mdogo wake, Mama Mdogo Tumaini. Mama alinunua nguo za jumla akizipeleka Tanzania. Mama Mdogo alishonea Watanzania wa pale magauni ya kitenge, kwa vyerehani viwili alivyonunua kwa jasho lake. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi Iringa alituachia boksi la vitabu vya Kiingereza: riwaya za mapenzi tupu, na kitabu kinene cha historia kuhusu ndoa, fedha na vipimo vya Waingereza wa zamani. Nikitoka shule nilipanda juu ya marobota ya vitambaa, nikamsomea Mama Mdogo huku nikitafsiri, naye anashona.

Alikuwa na ulimi, Mungu ambariki. Nikisoma kwamba bwana fulani ana pauni elfu tano kwa mwaka, anauliza, "Kwa kazi gani?" Nikimjibu hana kazi, anatembelea watu tu na kucheza dansi, anasonya. "Hapa Kangle angekufa njaa." Vipimo ndivyo alivyovipenda, maana sokoni pale kitambaa huuzwa kwa yadi mpaka leo, na alifurahi kujua yadi yenyewe imetoka wapi.

Siku moja nikafika penye sheria za ndoa. Zamani hizo Mwingereza akioa, mali ya mkewe iligeuka yake, mpaka sufuria. Cherehani kikanyamaza. "Soma tena hapo," akasema. Nikasoma. Siku hiyo hakutania.

Nilijua sababu, kwa kuwa mama alishanieleza. Kwenye ndoa ya kwanza ya Mama Mdogo, kule Dodoma, alitoka na begi moja. Cherehani kilichomlisha yeye na mume kilibaki kwa mume. Na sasa Bwana Elia, muuza viatu mpole tuliyesali naye, alitaka kumwoa. Mama Mdogo alimpenda, hilo hata kipofu angeliona. Lakini tangu asikie posa inakuja, aliviangalia vyerehani vyake kuliko alivyomwangalia yeye.

Jumapili wakaja. Ugenini ndugu ni wachache, kwa hiyo Bwana Elia alikuja mwenyewe na mshenga wake, Mzee Yona, ambaye ndiye wa kusema; Bwana Elia akakaa kimya kama desturi inavyotaka. Mama Mdogo alibaki chumbani, nyuma ya pazia. Mzee Yona akaanza kwa kuzunguka, eti wameona ua zuri bustanini kwetu. Mahari ikajadiliwa, chai ikanywewa, watu wakaanza kucheka. Mimi nilisubiri wafike kwenye vyerehani. Hawakufika.

"Babu," nikamwambia Mzee Yona, "vyerehani vya Mama Mdogo vitakuwa vya nani?"

"We mtoto," mama akanifinya. Lakini nilishaanza, nikamwaga yote: Waingereza, sufuria, Dodoma. Mzee Yona akajifanya anakunywa chai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo Bwana Elia, ambaye hakutakiwa kufungua mdomo, akasema, "Ni vyake. Na Mungu apishilie mbali, siku akiniacha ataondoka navyo. Mimi mwenyewe nitambebea mpaka kwenye teksi."

Jamani, maneno ya kuachana hayasemwi kwenye posa. Mzee Yona alipaliwa na chai. Lakini Mama Mdogo akatoka bila kuitwa, machozi yanamtiririka, akaketi karibu na mama. "Mwambieni nimekubali," akasema, na Bwana Elia mwenyewe kakaa mbele yake.

Nilipewa biskuti, kisha nikafokewa. Kwa miaka nilijiona shujaa niliyemfumbua macho mtu asiyejua la kuuliza. Upuuzi. Mama Mdogo alilibeba swali lile tangu Dodoma. Ila mwanamke akiulizia mali kabla ya ndoa huambiwa ana tamaa. Mtoto huambiwa hana adabu, yakaisha. Niliweza kulisema kwa sababu mimi ningesamehewa.

Mwezi ujao mshenga anakuja kwa ajili yangu. Nimeshamwambia mama kwamba nitakaa sebuleni na wageni, na la kuuliza nitauliza mwenyewe.