Kidogo Tu

Ivyne husuka nywele Kenyatta Market, na tangu daktari amwambie kwamba ngano na maziwa ndivyo vinavyomchoma tumbo, havigusi. Anapika ugali wa wimbi, anachemsha nduma na viazi vitamu, na chai yake ni ya rangi. Wenzake saluni wanasema anajifanya mzungu. Yeye huwauliza ni mzungu gani waliyewahi kumwona akimenya nduma, na huo mkate wao walifundishwa na nani.

Shida ni Mama Shiku, mwenye saluni. Kila siku saa nne analeta chapati na chai ya maziwa, na neno hapana halimwingii.

"Onja kidogo tu," husema. "Kidogo haiui mtu."

Siku ya Jumanne alimletea uji wa wimbi, akaapa hauna maziwa. Ivyne akanywa. Kufika saa sita alikuwa amejikunja chooni, mteja wake ameachwa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu. Mama Shiku akakiri kwamba alichanganya unga wa ngano kidogo tu, ili uji ushikane.

Kesho yake Ivyne alipika chai mwenyewe. Mama Shiku ana ugonjwa wa sukari, na pale saluni hakuna asiyejua. Ivyne alijaza kijiko sukari, akakiinua juu ya kikombe cha Mama Shiku. Mama Shiku akafunika kikombe kwa kiganja.

"Unataka kuniua?"

Ivyne hakukishusha kijiko.

"Kidogo tu, Mama Shiku. Kidogo haiui mtu."