Kilichochukuliwa kwa Utani

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1974, Yordani Hiza alianza jaribio lake la kwanza kama mtafiti wa lishe ya mifugo, katika kijiji kipya cha ujamaa nje kidogo ya mji wa Handeni.

Alikuwa mtoto wa Vugiri, kule milimani Korogwe ambako zizi huamka limejaa ukungu na majani hayakauki. Alisoma Morogoro, akarudi na swali moja: ng'ombe wa tambarare akishalishwa sawasawa, jua linamnyang'anya kiasi gani cha chakula hicho? Swali lilikuwa na haraka yake. Mvua zilikosekana, na watu waliohamishiwa pale walikuwa wamefyeka miti yote ili nyumba zikae kwenye mistari. Kama Hiza angeonyesha kwamba kivuli ni sehemu ya lishe, huenda vijiji vingine vingeachiwa miti yao.

Aliazima ng'ombe kwa wanakijiji. Wote wangekula pumba na majani yale yale. Nusu wangeshinda bandani, nusu juani. Alipofika kwa Bibi Hamisa, mjane wa Kizigua mwenye ng'ombe mmoja tu, alifanya kama walivyofanya babu zake Wasambaa walipokutana na Wazigua, watani wao wa jadi. Alifungua kamba akaanza kuondoka na ng'ombe.

"Huyu wangu leo, bibi."

"Haya, Msambaa! Mchukue, ukamwonyeshe mama yako ng'ombe alivyo. Kwenu si mnafuga ukungu?"

Majirani wakacheka, naye akacheka. Kura ikamtupa Madoa, ndivyo ng'ombe alivyoitwa, upande wa jua.

Kufikia Januari Madoa alikuwa akihema ulimi nje, pumba imebaki horini. Na alikuwa na mimba kubwa. Kila adhuhuri Bibi Hamisa alikuja, akavua kanga ya mabegani, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha ng'ombe wake, akasimama hivyo. Hakudai chochote. Siku ya kwanza Hiza alidhani ni mzaha mwingine. Siku iliyofuata akaona jua limeshapinda na kanga bado iko juu.

"Shikamoo, bibi. Mbona hukuniambia nimrudishe?"

"Marahaba. Kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi, mjukuu wangu. Nikikudai, nitakuwa mtani wa namna gani?"

Hiza akaiendea kamba ya Madoa amfungue. Sheria hiyo ya utani aliijua tangu utotoni. Alichosahau ni kwamba inamfunga pia anayechukuliwa mali.

Kibwana, bwana mifugo wa kata, alimvuta pembeni.

"Usimtoe, ndugu yangu. Ng'ombe wenyewe hawa wachache. Ukimtoa huyu huna jaribio, na ile nafasi ya masomo ng'ambo uliyoahidiwa umeitupa."

"Basi nimeitupa."

Hata hivyo, kumrudisha hakukuwa rahisi. Kumkabidhi bibi kamba tu kungekuwa kumwambia mbele za watu kwamba utani umemshinda. Hiza akapaza sauti, mstari mzima wa nyumba usikie.

"Bibi Hamisa! Tangu nikuchukulie mali yako, wewe hujanichukulia kitu. Au Wazigua siku hizi mmekuwa waoga?"

Bibi akashusha kanga. Akamtazama Hiza usoni. Kisha akaangalia kofia yake, akaangalia viatu vyake.

"Kofia yako inanuka Usambaa," alisema. "Viatu vimepinda kwa milima. Hapa naona kitu kimoja tu cha maana."

Akafungua kamba ya Madoa.

"Mwizi!" Hiza alipiga kelele. "Jamani, Mzigua ananiibia!"

Watu wakatoka majumbani wakicheka. Hakuna aliyecheka kumshinda bibi, na machozi yalimtoka hapo hapo. Madoa akavuka njia taratibu, akaingizwa chini ya upenu wa jiko, akapewa maji.

Katika ripoti yake Hiza aliandika kwamba jaribio limevunjika, na kwamba aliyelivunja ni yeye mwenyewe. Nafasi ya masomo ikaenda kwa mwingine. Mwezi uliofuata Madoa alizaa ndama jike.

Masika yalipokwisha, Hiza alianza upya. Safari hii, kabla ya kugusa kamba ya ng'ombe yeyote, alipiga hodi nyumba kwa nyumba, akaomba.