Chora Unachokiona

Mwalimu wetu wa baiolojia huingia maabara na penseli sikioni, na kabla hujamsalimu ameshaweka rula juu ya mchoro wako. Mistari ya majina isikatane. Ukitia kivuli, maksi mbili zimekwenda na maji. "Chora unachokiona," hukwaruza kwa sauti yake kavu, "si ulichokariri!" Kisha hupuliza ukurasa, fuu, hata kama hauna vumbi, kama mama anayepoza chai ya mtoto. Vidole vyake vinanuka dawa ya kuhifadhia wanyama, na sabuni imeshindwa.

Siku ya mtihani wa vitendo, panya aliyepasuliwa na msichana wa meza ya dirishani alikuwa na mimba. Sisi wengine tulichora panya wa kitabuni, mbiombio. Yeye alichora alichokiona: vitoto sita vilivyojikunja, kila kimoja na mstari wake, umenyooka. Mwalimu aliinama pale muda mrefu, rula mkononi, asipate pa kuiweka.

"Sijapata kuona mchoro kama huu, mwanangu," akanong'ona. "Lakini sisahihishi mimi, wanasahihisha watu wa baraza la mitihani. Kwenye mwongozo wao wa kusahihishia hawamo hawa, na panya wako hawatamwona. Watakukata maksi."

"Si ulisema tuchore tunachokiona, mwalimu?"

Mwalimu alimsogezea raba. Msichana akafuta kimoja, akafuta cha pili, mpaka tumbo la panya likabaki jeupe. Mwalimu akainama, akapuliza. Safari hii makombo ya raba yalikuwapo.