Siku Pikipiki Ilipozimika Kweli

Kuna kipindi mume wangu alikuwa akichelewa kurudi nyumbani, na kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa moja: batri ya pikipiki.

Yeye ni fundi wa kuweka vigae. Sisi tunakaa mtaa wa Katuba, na kazi yake wakati ule ilikuwa Kasungami, pembezoni mwa mji, kule ambako mashamba ya mahindi yanaliwa na nyumba mpya. Asubuhi alibonyeza kitufe, pikipiki inanguruma, anakwenda. Jioni alifika akiisukuma, shati limelowa jasho, kisha akaipeleka batri kwa jirani ichajiwe. Alinunua batri mpya. Ikatembea siku chache, ugonjwa ukarudi. Akanunua nyingine, nayo ikawa vilevile.

"Batri mpya inakufa namna gani?" nilimuuliza.

"Hata miye sijue, mama. Asubuhi inawaka, mangaribi hakuna kitu."

Dada yangu mkubwa alikuwa ameketi kwenye baraza yetu akingoja nimshonee zipu ya sketi, maana mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alipoingia ndani kuoga, dada akasogeza kiti karibu na mashine yangu.

"Batri mbili mpya, zote zinakufa? Mudogo wangu, ile batri iko na miguu mbili, na inakaa Kasungami."

Nilicheka naye, lakini lile neno halikunitoka kichwani. Nikaanza kunusa mashati yake kabla ya kuyafua. Yalinuka saruji. Nikiandaa bukari, ugali wetu, nilimwekea mezani na kukaa kimya, akiongea nikamjibu kwa neno moja. Naye akaacha kuongea. Tulikula hivyo majuma mengi, kila mtu akitazama sahani yake.

Jumamosi moja akasema anakwenda kuangalia kama vigae vya sebuleni vimeshika.

"Nitaenda na weye," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kuona kazi yako."

Hakusita. Alipangusa kiti cha nyuma kwa mkono wa shati, akaningoja nipande. Kule kutosita kwake kulinituliza kidogo, na pia kukanikasirisha, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Kasungami nilitembea ndani ya ile nyumba kama polisi. Hakukuwa na mtu ila mlinzi na kuku wake. Vigae vilikuwa vimelazwa vizuri hata nikaona aibu kuvikanyaga na viatu vyangu. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikaanga mandazi. Nilimkazia macho mpaka tulipomkaribia. Alikuwa na umri wa kumzidi mama yangu. Kabla hata ya kunisalimu, akamuuliza mume wangu, "Papa, pikipiki yako inapona?"

"Bado, mama," akajibu.

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na barabara ya lami aliwasha taa ya kukatia kona, nikaona inapepesa polepole, kama mtu anayesinzia. Akapiga honi, ikatoa sauti ndogo ya kukwama kooni. Halafu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Tuliishia kwenye mchanga wa kando ya njia. Akabonyeza kitufe: tik. Akapiga teke la kuwashia mara nyingi. Hakuna.

Mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Akageuka, uso umemkauka. "Unacheka nini? Miye nateseka, weye unacheka?"

"Nacheka sababu imezima kweli."

"Kweli namna gani?"

Nikatazama kule tulikotoka, Kasungami. Akafuata macho yangu, ndipo nikaona jambo linamwingia taratibu. Akaketi chini palepale, kwenye nyasi.

"Uliwaza niko na bibi ingine?"

"Ndiyo."

"Na ule muchanga wote nilisukuma ndani yake?" Akaanza kucheka yeye pia, ila macho yake yalikuwa na maji. "Miye niliwaza umenichoka. Niliwaza unaona haya kuolewa na mutu wa kusukuma pikipiki."

Nilikaa karibu naye. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani, shingo bado haiamini.

Kisha akafungua kiti cha pikipiki, akalalamika kwamba itabidi kutafuta batri ya tatu.

"Ngoja," nikamwambia. "Kila mangaribi unaipeleka kwa jirani mwenye chaja, asubuhi inakuwa nzima. Basi batri inashika umeme. Kwa nini pikipiki yenyewe haiijaze ikitembea?"

Hakuwa amewahi kuliwaza hivyo, na hata mimi ndiyo kwanza nililiwaza, maana zamani sikuwa nikisikiliza.

Nikainama. Kulikuwa na harufu ninayoijua. Pasi yangu ya umeme iliwahi kunuka hivyo, wakati plagi yake ilipolegea na kuungua. Nikafuata nyaya kwa vidole, kutoka kwenye injini kwenda kwenye kisanduku cha chuma kinachorekebisha umeme kabla haujafika kwenye batri. Katikati palikuwa na kiungo cha plastiki. Kilikuwa cha moto bado, upande mmoja umeyeyuka na kuwa rangi ya kahawia.

"Papa, angalia hapa."

Alikivuta kwa nguvu kikaachana. Ndani, vyuma vilikuwa vyeusi, kimoja hakigusi mwenzake kabisa. Umeme ulikuwa ukiishia pale. Alikata kile kiungo kwa kisu chake cha kazi, akachuna nyaya tatu za njano, akaunganisha kila moja na yake, akazifunga mbalimbali kwa utepe zisigusane.

Tuliisukuma pamoja mpaka kwa muuza batri wa njia panda. Alituazima batri iliyojaa ili kujaribu, akaweka kipima umeme chake juu yake. Injini ikawaka.

"Ikibaki volti kumi na mbili, kisanduku nacho kimekufa," alisema. "Ikipita kumi na tano, itachemsha batri. Ongeza mafuta."

Mume wangu akazungusha mshiko wa mafuta. Tarakimu zikapanda: kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, zikavuka kumi na nne kidogo, zikatulia hapo.

"Sasa batri inakula umeme," akasema yule muuza batri.

Mume wangu alifunga macho na kushusha pumzi ndefu. Nikamshika mgongoni, mbele ya watu, jambo ambalo si desturi yetu.

Batri yetu ilipokwisha kupata nguvu kidogo kwenye chaja ya pale, tukairudisha mahali pake na kuondoka. Jua lilikuwa bado juu, lakini mume wangu aliwasha taa kubwa ya mbele, akaiacha inawaka njia nzima mpaka Katuba. Sikumwambia aizime.