Nilivunja Kesi ya Mama wa Watu kwa Wivu wa Kijiweni

Nimekosa. Sitaki kuzunguka, ingawa wanaonijua watacheka wakisikia mimi nasema sitaki kuzunguka. Nimemkosea mama wa watu ambaye hajawahi kunifanyia lolote, na kilichonisukuma si shida wala kutojua. Ni wivu. Wivu, mzee mzima na mvi zangu!

Naandika kwa kidole kimoja, leo ni siku ya nne. Shule niliishia darasa la nne, na herufi za simu ni ndogo kama mbegu za mchicha. Binti yangu Zuhura ananiambia, "Baba, just record it." Nikamwambia hapana mwanangu. Kurekodi sauti ndiko kulikonifikisha hapa. Jina langu msilitoe gazetini, nawaomba.

Nianzie kijiweni, maana bila kijiwe hamtanielewa.

Hapa Minneapolis, mtaa wa Phillips, kuna duka la mama mmoja nitamwita Mama Fatu. Anauza unga, dagaa, mafuta ya nywele, vikoi, kila kitu. Nyuma ya duka ameweka meza ya plastiki na viti saba, na birika la kahawa lisilozimwa. Jumamosi wazee tunakutana pale. Watanzania, Wakenya, na Mkongo mmoja mpole. Kwa miaka tisa, jamani, miaka tisa, pale msemaji nilikuwa mimi. Nikikohoa tu, watu wananyamaza. Kile kisa changu cha nyuki wa shamba la mkonge, kule Tanga, nilikuwa nakisimulia kila baridi ikianza, na kila mwaka wanacheka upya, hasa pale msimamizi anapoingia kwenye pipa. Lakini si hicho nilichokuja kusema.

Mwaka wa tisa akaja Mzee Mutiso. Si jina lake, ila ni Mkenya kweli, mstaafu, alifanya kazi hospitalini miaka mingi, anakaa kule Coon Rapids. Ana gari lake, ana glavu za ngozi, ana sauti nzito kama ya redio. Huyu bwana alishawahi kuitwa juri. Kwa wasiojua, hapa kesi haiamuliwi na jaji peke yake. Wanaokota majina ya raia, wanatuma barua nyumbani, mnakwenda kukaa watu kumi na wawili mnasikiliza, halafu ninyi ndio mnasema ana hatia au hana.

Mutiso alisikiliza kesi ya mtu aliyechoma nyumba. Akaisimulia. Jumamosi ya kwanza viti viligeuka. Niliona kwa macho yangu! Viti vitano vikageuka kumwelekea yeye, changu kikabaki kinatazama friji ya samaki. Jumamosi ya pili wakamwomba arudie. Ya tatu Mama Fatu akammiminia kahawa yeye kwanza.

Nilitabasamu. Ndani nilikuwa nawaka. Nilichukia hata kikohozi chake. Nikienda nyumbani mke wangu ananiuliza, "Mbona umenuna?" Nasema baridi. Baridi gani, ilikuwa mwezi wa saba!

Basi miezi ikapita, barua ya juri ikaja kwangu. Wenzangu wakipata barua ile wanatafuta cheti cha daktari. Mimi niliibusu! Mke wangu alidhani nimepewa kiinua mgongo kingine. Nikanyoa ndevu, nikatoa koti la harusi ya Zuhura. Kiingereza changu ni cha kazini, nilifagia shule ya watoto miaka kumi na saba, lakini nasikia kila kitu. Wakaniuliza maswali, wakanikubali. Juri namba saba. Nikapewa kibandiko cha kuvaa kifuani, na nilipopanda basi kurudi sikukivua. Nilifungua koti makusudi watu wakione, na nje ni theluji.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana wa pikapu alimgonga mama mmoja akivuka barabara kwenye alama za kuvukia. Serikali inasema kijana alikuwa anaandika kwenye simu huku anaendesha. Yeye anasema hapana, jua lilimpiga machoni. Mama yule ni mpishi wa shule, mjane, sasa anatembea na kile chuma cha kusukuma chenye magurudumu.

Jaji alikuwa mama mfupi, miwani juu ya pua. Alituambia pole pole, kila jioni alirudia: msimtafute mtu yeyote mtandaoni, msitafute habari za kesi, msiongee na mtu, hata mke, hata mume, hata rafiki. Msiandike popote. Kuna mambo yameachwa nje kwa sababu ya haki. Mtaamua kwa yale mliyoyasikia humu ndani tu. Niliitikia kwa kichwa. Niliapa! Mkono nilinyanyua!

Jumatatu jioni nikatuma sauti kwenye kundi letu la watsapu, kundi la kijiwe. Maneno machache tu: "Wazee, niko mahakamani, mimi ni juri, siwezi kusema zaidi." Nilitaka waniombe. Mtu akisema siwezi kusema zaidi, si mnajua anataka nini?

Mutiso akajibu kwa sauti ile ile ya redio. "Aiii, mzee wa Tanga! Kwani ni kesi ya nini? Umepewa mwizi wa kuku?" Kundi zima likacheka. Mkongo akaweka zile sura za kicheko, sita, nilizihesabu.

Nikasema, "Ni ya gari."

"Ya gari! Hiyo ni ya traffic, my friend. Hiyo watu wanalipa fine wanaenda home. Ngoja ukuwe na kesi ya moto kama yangu, ndio utuitie mkutano."

Loo! Sikula vizuri siku ile.

Jumanne mama yule alipanda kutoa ushahidi. Alieleza alivyosikia breki, alivyoona kiatu chake kiko mbali naye, alivyomfikiria mjukuu anayemsubiri. Alikuwa akisema maneno mawili ananyamaza. Alisema, "Sijawahi kulisema hili kwa sauti." Watu wawili kwenye benchi letu walifuta machozi. Na mimi? Astaghfirullah. Mimi nilikuwa napanga nitakavyosimulia. Ninasema kweli. Mama analia, mimi najiuliza hapa ninyamaze kidogo au niendelee, kile kiatu nikiweke mwanzo au mwisho. Nilikuwa nachukua kilio chake nikampige nacho Mutiso.

Jumatano, saa ya chakula, nilikwenda ukumbini karibu na dirisha, nikatoa simu. Nikaandika jina la kijana yule mtandaoni. Herufi moja moja. Nilijua ninachofanya, msije mkasema mzee hakuelewa. Kijana ameshtakiwa kwa kushika simu barabarani, na mimi niliyeapa kumwamulia nimeshika simu mahakamani!

Ikatoka habari ya zamani. Kijana yule yule aliwahi kugonga gari la mtu, na simu ilikuwa mkononi. Hiyo hatukuambiwa. Hayo ndiyo yale yaliyoachwa nje. Moyo wangu uliruka, na si kwa ajili ya haki. Nilisema, Mutiso, leo nimekupata. Kwenye moto wako ulikuwa na siri kama hii?

Jioni, kwenye basi, nikabonyeza ile alama ya kurekodi. Nilisema dakika nne. Nilipamba! "Wazee wa kijiwe, anaongea juri namba saba." Nikaeleza mama, nikaeleza kiatu, nikaigiza breki kwa mdomo mpaka dereva wa basi akanitazama kwenye kioo. Halafu nikashusha sauti: "Sasa sikilizeni ambacho hata jaji hataki tukijue." Nikamaliza kwa kumwambia Mutiso akahadithie moto wake kwa vifaranga, nikaituma kundini.

Kundi lilichemka. "Mzee wewe ni noma!" "Endelea!" Nilingoja neno la Mutiso. Hakuandika kitu. Nikalala kama sultani.

Kumbe alinipigia simu mara tatu na mimi nilikuwa nimeizima. Asubuhi nikakuta ujumbe wake, ameandika, hakusema: "Futa hiyo sauti saa hii. Please, mzee. Hiyo ni makosa." Nikasema, ona anavyoumia. Sikufuta. Ndivyo wivu ulivyo. Mtu anakuvuta utoke shimoni, wewe unaona anataka nafasi yako.

Alhamisi, chumba cha majuri, tunakunywa kahawa kabla ya kuitwa. Wako watatu mezani kwangu. Na mimi sasa nimeshanogewa na kusikilizwa. Nikawaambia, "Mnajua huyu kijana si mara yake ya kwanza?" Wakaganda. Mama mmoja mfuma sweta akaweka sindano zake chini akasema, "Bwana, haya hatutakiwi kuyasikia." Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Saa ile ile mlinzi akafungua mlango. "Juri namba saba."

Ile sauti ilikuwa imetoka kundi letu ikaingia kundi la Watanzania wote, ikaenda la Wakenya, ikavuka mto hadi Saint Paul, ikamfikia dada mmoja ambaye kazi yake ni ukalimani wa Kiswahili pale pale mahakamani. Dada wa watu hanijui. Alisikia juri namba saba, akasikia mama na kiatu, akaipeleka kwa jaji kabla jua halijapanda. Simlaumu. Aliapa kama nilivyoapa. Yeye akashika kiapo chake.

Nikapelekwa mbele ya jaji, wenzangu hawakuwepo. Tulikuwa jaji, mawakili, kijana na mama yule na chuma chake. Wakaleta mkalimani mwingine kwenye skrini, mwanamume wa mji wa mbali. Wakacheza sauti yangu.

Jamani! Mnajua kusikia sauti yako mwenyewe ikijisifu mbele ya watu walionyamaza? Kipande kinachezwa, kinasimamishwa, yule bwana anakisema kwa Kiingereza, kikavu, kama anasoma maandishi ya dawa. Pale nilipoigiza breki akasema, "Msemaji anatoa mlio wa gari." Mizaha yangu yote, hakuna aliyetabasamu. Miaka tisa nimetafuta watu waninyamazie hivyo.

Ilipofika kwenye kiatu, mama yule aliinua kichwa akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mgeni.

Jaji akaniuliza kama nimemwambia juri mwingine. Ningeweza kudanganya. Nikasema, watatu. Akavua miwani, akafumba macho kidogo. Ingekuwa mimi peke yangu, akasema, ningetolewa akaingia wa akiba na kesi ikaendelea. Sasa haiwezekani. Kesi imevunjika. Itaanza upya na majuri wapya.

Mama akamgeukia wakili wa serikali. Alisema kwa sauti ndogo lakini nilisikia, masikio yangu ndicho kitu pekee kilichobaki kizima: "Ina maana nitalisema tena? Lote?"

Wakili akasema ndiyo.

Adhabu yangu nilipewa, kuokota taka kwenye bustani za mji siku kadhaa, na karipio ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika ukuta. Hiyo si kitu. Kilichonivunja nilikisikia baadaye. Mama alikataa kupanda tena kizimbani. Alisema hawezi mara ya pili. Mawakili wakaelewana pembeni, kijana akakubali kosa dogo, yakaisha. Huenda alikuwa na hatia kubwa, huenda hakuwa nayo. Hatutajua, na mama yule hatapata watu kumi na wawili wa kumwambia: tumekusikia. Nafasi hiyo nilimnyang'anya mimi, nikaitumia kwenye basi.

Miezi miwili sikukanyaga kijiweni. Nikaenda Jumamosi moja, nikakaa kwenye kiti changu cha friji. Alikuwepo mgeni, Mtanzania aliyehamia kutoka mji mwingine. Akauliza, "Hivi ni kweli hapa kuna mzee alivunja kesi kwa watsapu? Mzee Mutiso, wanasema wewe ndiye unajua kusimulia, hebu tupe!"

Viti vyote vikamgeukia Mutiso. Nikaangalia kahawa yangu nikangoja. Kisa kimeiva, kina kicheko ndani yake, kina mpumbavu wake ameketi pale pale. Ningekuwa mimi ningekisimulia. Wallahi ningekisimulia, na breki ningeigiza.

Mutiso akavuta glavu zake, akasema, "Hiyo mimi siijui. Mzee wa Tanga, hebu tupatie ile ya nyuki."

Nikajaribu. Sikufika hata kwenye pipa.

Na bado, Mungu anisamehe, nikiwa nakwenda kupanda basi nilimwonea wivu tena. Nilimwonea wivu kwa alivyonyamaza.

Ndugu zangu, ukiitwa juri nenda, ni heshima. Simu iache nyumbani, usijidanganye kwamba utaizima. Usimtafute mtu mtandaoni, usiseme neno hata kwa wale unaokula nao. Pale mbele kuna mtu anayesema jambo ambalo pengine ataweza kulisema mara moja tu maishani. Na kama kuna mtu unamwonea wivu, mwendee kabla hujaapa, umwambie usoni. Mimi sijamwambia. Haya magazeti ya mtandaoni anayasoma yote, na hata kama nimembadilisha jina, akifika kwenye zile glavu atajua.

Mzee Mutiso, nisamehe. Jumamosi nitakuja mapema, nikugeuzie kiti changu.